Mwaka wa halmashauri ya kijiji, jinsi ya kuuendesha kuanzia Julai mpaka Juni

Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 kuna wajumbe wapya wengi sana huku vijijini. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na kila kijiji kina halmashauri yake ya watu 15 mpaka 25, hesabu mwenyewe ni umati gani huo. Wengi wamekula kiapo, wamepewa karatasi mbili tatu, halafu basi, kijiji hicho hapo kiendesheni. Kwahiyo hapa naeleza jinsi mwaka unavyotakiwa kwenda, namuandikia mtu ambaye ndo kwanza ameingia, awe mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mama wa viti vya wanawake au mjumbe wa kawaida.

Kitu cha kwanza cha kushika ni kwamba kijiji kina kalenda mbili. Ya kwanza ni ya serikali, inaanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni, humo ndo kuna bajeti, taarifa na ukaguzi. Ya pili ni ya mvua. Viongozi wengi wanakwama kwa sababu wanaifuata moja na kuisahau nyingine, unakuta mtu anaitisha mkutano mkuu katikati ya palizi halafu anashangaa wamekuja watu ishirini, au anadai mchango wa shule mwezi wa pili wakati ghala la nyumbani limebaki vumbi tupu na watu wananunua unga kwa kilo. Wananchi wanaonekana wagumu, kumbe sio wagumu, wameulizwa wakati mbaya. Kupatanisha hizo kalenda mbili ndo kazi yenyewe.

Naandika kwa majira ya huku Morogoro, vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei. Nyie wa mvua moja kule Dodoma, Singida, Mbeya na Songea mtasogeza wenyewe.

Kabla ya chochote, jueni nani ana mamlaka gani

Mkutano mkuu wa kijiji ndo mkubwa. Ni kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inafanya kazi kwa niaba ya mkutano mkuu na inakaa kila mwezi. Mwenyekiti anachaguliwa, hana mshahara, anaongoza vikao vyote viwili. Mtendaji wa kijiji ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya, ndo katibu wa vikao na mtunza nyaraka. Haya yote yako kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, na hata Katiba ibara ya 145 na 146 zinazitaja serikali za mitaa kuwa ni za kupeleka madaraka kwa wananchi. Nayasema haya kwa sababu kuna wenyeviti wanaingia wakidhani wao ndo kijiji, na kuna watendaji wanaodhani mwenyekiti ni wa kuwapigia muhuri tu. Wote wawili wanakosea na kijiji ndo kinaumia.

Chini ya halmashauri kuna kamati tatu za kudumu. Fedha, Uchumi na Mipango. Huduma za Jamii na Shughuli za Kujitegemea. Ulinzi na Usalama. Kila mjumbe awe kwenye kamati, na mjumbe ambaye kamati yake haijawahi kukaa basi aulize kwenye kikao kijacho cha mwezi, aulize kwa sauti na iandikwe kwenye muhtasari kwamba ameuliza. Ushauri wangu mwingine, msiwarundike kina mama wote kwenye Huduma za Jamii. Wekeni angalau wawili watatu kwenye ile ya Fedha, wengi wao wana vikoba, wamezoea kuhesabu hela ya watu mbele ya watu na kufunga sanduku kwa funguo tatu, huo uzoefu kijiji kinauhitaji sana.

Julai mpaka Septemba: watu wana chakula, fanyeni mambo mazito sasa

Huu ndo wakati mzuri kuliko wote. Mavuno yameingia, barabara zinapitika, watu wana nafasi ya kukaa chini ya mwembe masaa matatu bila kuwaza shamba. Mkutano mkuu wa kwanza wa mwaka wa fedha uwe mwezi huu wa saba au mwanzoni mwa wa nane, na ajenda yake kubwa iwe mapato na matumizi ya mwaka uliopita.

Hapo kwenye mapato na matumizi nataka tukae kidogo, maana ndo panapoua au kuponya uongozi. Ukifuatilia vijiji ambavyo wananchi walimkataa mwenyekiti au walifunga ofisi kwa kufuli, mara nyingi chanzo sio wizi uliothibitishwa, ni kwamba taarifa haijasomwa miezi tisa, mwaka, miaka miwili. Watu wakikaa kimya kirefu bila kusomewa wanajaza wenyewe hayo yasiyosemwa, na wanachojaza ni kibaya kila mara.

Jinsi ya kusoma sasa. Msisome jumla. Ukisema "matumizi ya ujenzi ni milioni mbili na laki nne" umewasha moto. Soma mstari kwa mstari: saruji mifuko mingapi, ilinunuliwa duka gani, bei ya mfuko, nauli ya gari, fundi alilipwa awamu ngapi na kila awamu shilingi ngapi, mchanga tripu ngapi na zipi zilitolewa bure na wananchi. Risiti ziwe mezani kwenye faili, mtu akitaka kuja kuziangalia aje, na aachwe aangalie. Kuna aina ya mama, nadhani kila kijiji anaye, anayekaa mstari wa nyuma na mtoto mgongoni, ananyanyuka anauliza "hizo nondo mlizosema ni kumi na mbili, mbona mimi nilipita pale nikaona zimeshushwa kumi?" Msimkaripie huyo. Mtu huyo ni mkaguzi wa bure. Jibu lake ni kufungua kitabu cha stoo na kumuonyesha zile mbili zilikwenda wapi, kama zilibaki kwa fundi, kama zilienda kwenye choo cha walimu, na kama hamjui basi semeni mnaenda kulifuatilia na mtaleta jibu kikao kijacho, halafu mlilete kweli. Baada ya mkutano bandikeni karatasi ile ile kwenye ubao wa matangazo wa ofisi na nakala moja moja kwenye vitongoji, dukani au kwenye mashine ya kusaga ambako watu wanapanga foleni.

Na hela yoyote inayoingia, faini, mchango, ushuru uliokubaliwa, kodi ya shamba la kijiji, iwe na stakabadhi. Mwenyekiti asishike hela wala kitabu cha stakabadhi. Hata ile ya barua ya utambulisho, kama haipo kwenye sheria ndogo iliyopitishwa na haina stakabadhi basi hiyo sio ada, ni kumchukulia mtu hela yake. Mzee anayekuja kutafuta barua ya kufuatilia mafao ya marehemu mtoto wake umdai elfu tano ya muhuri, hapana jamani.

Mambo mengine ya robo hii nayataja haraka. Chakula cha wanafunzi shuleni: kikubalieni kwenye mkutano wa Julai na kikusanywe Julai na Agosti, debe la mahindi likiwa bei chini na lipo nyumbani, mzazi anatoa bila kuumia. Ukisubiri mpaka Januari shule zikifunguliwa umechelewa. Wasiokuwa na uwezo waorodheshwe mapema na kamati ya huduma za jamii, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya debe.

Mbolea ya ruzuku: tangu 2022 mkulima anapata kwa kuwa amesajiliwa, na usajili unapita kwenye ofisi ya kijiji. Wenyeviti wa vitongoji pitieni madaftari yenu sasa, muangalie waliokufa, waliohama, wajane ambao jina lililoandikwa ni la marehemu mume. Huyo mjane akienda kwa wakala Novemba na namba haipo, msimu wake umeharibika, na kurekebisha kwenyewe ilikuwa dakika kumi tu mwezi wa nane.

Moto: Septemba watu wanaandaa mashamba, wanachoma. Kamati ya ulinzi ipite kila kitongoji kukumbusha, achome jioni upepo ukitulia, awaite majirani, atengeneze barabara ya moto kwanza. Kama kijiji kina msitu wake uliohifadhiwa, kamati ya maliasili ndo ianze doria sasa.

Ardhi, ambayo haina msimu

Nimeiweka peke yake kwa sababu inakuja mwezi wowote na ndo inayopeleka viongozi mahakamani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini, sio mmiliki. Halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwahiyo anapokuja mgeni na gari zuri na barua kutoka sehemu anataka eka mia mbili, na ana haraka, na anasema ataleta zahanati, jibu lenu liwe moja, andika maombi, halmashauri itakaa, halafu itapelekwa mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni tarehe fulani. Kama mtu ni mkweli atasubiri. Msisaini karatasi yoyote nyumbani kwa mtu, msisaini kwenye gari, na msisaini karatasi yenye nafasi tupu eti zitajazwa baadaye.

Kama kijiji hakina Cheti cha Ardhi ya Kijiji wala mpango wa matumizi bora ya ardhi, hiyo ifanyeni ajenda ya miaka yote mitano ya uongozi wenu, anzeni kuandika barua wilayani mapema maana wapimaji ni wachache na vijiji ni vingi. Mpango huo ndo unaosema hapa ni kilimo, hapa ni malisho, hapa ni msitu, hapa ni akiba ya watoto wetu. Huku kwetu Kilosa hatuhitaji kuambiwa kwa nini ni muhimu, Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwaka huo unatosha kuwa somo kwa kijiji chochote ambacho hakijaweka wazi njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea.

Hati ya hakimiliki ya kimila mtu anaipata baada ya uhakiki wa mipaka, na hapo msikae ofisini. Nendeni shambani. Anayeomba awepo, majirani wa pande zote wawepo, wazee wawili wa zamani wanaokumbuka nani alifyeka pale kwanza wawepo. Mnatembea mpaka wote kwa miguu, mkifika kwenye kona mnasimama, mnauliza jirani "hapa ndo hapa?", akisema ndiyo mnapanda mkonge au minyaa au mnazika jiwe, mnaendelea. Akisema hapana mnasimama hapo hapo, hamuendelei, mnasikiliza. Dakika arobaini mnazopoteza kwenye kona moja zinaokoa kesi ya miaka sita. Siku hizi wapimaji wanakuja na simu au kifaa cha kuchukua alama za setilaiti na ni vizuri, ila kifaa hakijui nani ni ndugu wa nani, kwahiyo wale wazee bado mnawahitaji.

Muangalie pia jina. Mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, sheria hiyo hiyo ya 1999 imeliweka wazi. Mume na mke wakija, waulizeni kama hati ni ya wote wawili, na muulizeni mke akiwa peke yake pia. Watoto yatima wakiwa na baba mdogo anayesema "hili shamba nalishika mimi", muandike kwenye daftari kwamba analishika kwa niaba yao, majina yao na umri wao yaandikwe.

Migogoro ikitokea ina Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Mwenyekiti wa kijiji asijigeuze hakimu. Baraza lisuluhishe, liandike, wasipokubaliana waende mbele.

Oktoba mpaka Desemba: mipango, huku mvua inagonga mlango

Hapa ndo kalenda mbili zinagongana kabisa. Serikali inataka mipango ya mwaka ujao, vuli nayo inataka watu shambani. Dawa yake ni kuanza mapema, mwisho wa Septemba au wiki za kwanza za Oktoba, kabla mvua haijashika.

Utaratibu ni wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Usiogope jina. Maana yake wananchi wakae kitongoji kwa kitongoji waseme tuna nini, tumekwama wapi, tunataka nini kwanza, sisi wenyewe tutatoa nini. Mikutano ya vitongoji ndo kila kitu hapa, ukiifanya ya kijiji tu kile kitongoji cha mbali kinachovuka mto hakitasikika hata siku moja. Baada ya hapo halmashauri ya kijiji inapanga, mkutano mkuu unapitisha, inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wilayani ambako baraza la madiwani linajadili mwanzoni mwa mwaka, na mwisho wake ni bungeni Dodoma kati ya Aprili na Juni. Ukichelewesha mpango wako mpaka Januari, gari limeshaondoka.

Msiandike vitu thelathini. Andikeni vitatu mpaka vitano kwa mpangilio wa umuhimu na muweke wazi mchango wenu. Kwa uzoefu wa huku kwetu, mradi ambao wananchi wameshaanza ndo unaosikilizwa haraka, ndo maana kuna maboma mengi nchi hii, watu wanachimba msingi, wanafyatua tofali, wanapandisha mpaka lenta, halafu serikali inaombwa imalizie. Ni njia nzuri lakini ina mtego. Msianzishe boma la tatu wakati mawili yanaota majani. Kabla ya kuchimba msingi wa zahanati, muulizeni mganga mkuu wa wilaya kwa barua kama eneo linafaa, ramani ipi inatumika, na watumishi watatoka wapi. Boma lililojengwa nje ya ramani litabomolewa na jasho la watu limepotea.

Hela ya ujenzi ikija kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani mnanunua vifaa na kulipa mafundi wenyewe bila kumpa kazi mkandarasi, mtaunda kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi kutoka kwa wananchi. Mpokea vifaa asiwe ndugu wa mnunuzi. Na siku saruji inashuka, wahesabu watu wawili, mmoja kwa mwenzake, kila mmoja na karatasi yake, wakimaliza walinganishe.

Kazi za mikono, wengine mnaita msaragambo, zipangeni kwa vitongoji na ziishe kabla ya mvua kubwa. Kitongoji A kusomba mchanga Jumanne, B mawe Alhamisi. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wachanga waachwe, na iandikwe hivyo ili asije mtu kuwasumbua.

Sambamba na hayo, Oktoba mpaka Desemba ni kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza. Wenyeviti wa vitongoji mnazijua nyumba zenu, pitieni. Mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa ndani mnamjua, na nyie ndo mnaweza kuongea na mzazi kwa upole kabla mwalimu hajaja.

Mkutano mkuu wa robo hii uwekwe kabla ya kupanda. Tangazo sio grupu la wasapu peke yake, kina mama wengi hawamo humo. Mpiga mbiu apite na kipaza sauti jioni siku mbili kabla, itangazwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na isiwe siku ya gulio. Muda muanze saa 3 asubuhi kweli, na mmalize kabla ya saa 6 ili mtu akapike.

Januari mpaka Machi: njaa na maneno

Huu ni msimu mgumu. Chakula kinapungua, shule zimefunguliwa, watu wana madeni. Msipange mchango wowote mpya. Halmashauri ikae kila mwezi kama kawaida ila ajenda kuu iwe hali ya chakula kaya kwa kaya, kila mwenyekiti wa kitongoji aje na majina, na taarifa iende kata mapema kabla watu hawajaanza kula mbegu. Kama TASAF wana zoezi la kutambua kaya maskini, kumbukeni kaya zinatajwa na kupitishwa mbele ya watu mkutanoni, jina la shemeji yako likipita kimyakimya huku bibi fulani ameachwa, kijiji hakitasahau, na hakipaswi kusahau.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ya wilaya, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, maswali yake yatakuja kwenu maana kikundi lazima kitambuliwe na kijiji. Kitembeleeni kikundi. Muone mradi upo, wanachama wanajuana, kitabu kipo. Msiandike barua ya utambulisho kwa kikundi cha mfukoni.

Ng'ombe wakiingia shambani robo hii mahindi yakiwa magotini, hasira ni kali sana. Fuateni hatua hii kila mara: kamati ya ulinzi inafika siku hiyo hiyo, ng'ombe hawapigwi wala hawakatwi, bwana shamba anaitwa kufanya tathmini ya hasara, pande zote mbili zinaitwa ofisini, zinakubaliana fidia, inaandikwa, inalipwa kwa stakabadhi. Kamati iwe na mfugaji ndani na mkulima ndani. Faini bila sheria ndogo hakuna. Na sheria ndogo sio mtu kuandika kwenye daftari, halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unapitisha, inakwenda wilayani baraza la madiwani linaidhinisha, ndo inakuwa sheria. Anzeni mapema maana hii safari ni ndefu.

Mkutano mkuu wa robo hii watu watakuwa wachache, ufanyike hata hivyo. Uwe mfupi, mapato na matumizi ya miezi mitatu, hali ya chakula, basi.

Aprili mpaka Juni: masika, halafu kufunga vitabu

Masika ndo simu ya mwenyekiti haizimi. Daraja limekatika, mtaro umeziba, kisima kimeingia maji machafu. Hapa jueni milango. Barabara za vijijini ni TARURA, tangu 2017. Maji ni RUWASA, tangu 2019, pamoja na chombo cha watumia maji cha hapo kijijini. Nyie kama halmashauri mnaweza kuita watu wakazibua mitaro na kuweka magogo ya dharura, ila daraja hamjengi, kwahiyo msikae nalo kichwani mpaka wananchi waone ni kosa lenu. Pigeni picha siku hiyo hiyo, andikeni barua, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, tunzeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na kwenye mkutano msomee watu barua hiyo na tarehe yake. Watu wakiona karatasi wanaelewa mmefanya sehemu yenu.

Vyoo vikaguliwe kabla ya mvua kukolea, kipindupindu hakisubiri kikao. Mkague na vya kwenu wajumbe, tena muanze na hivyo.

Mwezi wa tano mkiona mvua inapungua, anzeni maandalizi ya kufunga. Na hapa niseme juu ya mihtasari, maana Juni ndo inatafutwa. Muhtasari mzuri una tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria na karatasi ya mahudhurio yenye saini, ajenda, na maamuzi yaliyoandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaelewa. Msiandike "suala la eneo la soko lilijadiliwa na kukubaliwa". Andikeni "Mkutano umekubali eneo la eka mbili kando ya barabara, mashariki ya shule, litengwe kwa ajili ya soko. Waliokubali 112, waliokataa 9, wasiopiga kura 4. Mtekelezaji ni kamati ya mipango, taarifa irudi mkutano ujao." Usomwe kwenye kikao kinachofuata, urekebishwe, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji. Mtendaji akihamishwa, na watahamishwa, faili libaki ofisini, kabidhianeni kwa maandishi mbele ya kamati ya fedha. Vijiji vimepoteza mashamba yao kwa sababu faili lilihama na mtu.

Wiki ya mwisho ya Juni kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ikae na mtendaji siku nzima, sio saa moja. Chukueni vitabu vya stakabadhi vyote, vilivyotumika na ambavyo havijatumika, hesabuni namba za kurasa zinavyofuatana, kila iliyoruka itolewe maelezo. Linganisheni jumla ya stakabadhi na karatasi za benki. Hesabuni mali, viti, turubai, majembe ya kijiji, baiskeli ya mgambo, mabati yaliyobaki. Madeni yaandikwe, ya kudaiwa na ya kudai, fundi ambaye hajamaliziwa hela yake aandikwe jina na kiasi. Taarifa hiyo ipite kwenye kikao cha halmashauri kabla ya tarehe 30, isainiwe, nakala moja iende kata, nyingine wilayani, ya tatu ibandikwe ubaoni hata kama mkutano mkuu haujafika, na tarehe ya mkutano wa Julai iandikwe hapo hapo chini ya karatasi kwa kalamu nene.